Nani mpiga gitaa bora wa nyakati zote? Jibu kwa msomaji wa Arua

“Mwalimu, pole na kazi. Nina kibanda cha kuchaji na kutengeneza simu hapa Arua, na kila jioni vijana na wazee hukusanyika hapo. Miezi mingi sasa ubishi ni uleule: nani mpiga gitaa bora wa nyakati zote? Mmoja anasema ni Jimi Hendrix, dunia ilishapiga kura, mambo yameisha. Mwingine anasema Hendrix mwenyewe alipoulizwa anajisikiaje kuwa bora duniani, alijibu wakamuulize mtu mwingine. Mzee mmoja aliyewahi kuishi Kongo hataki kusikia jina lolote ila Franco na Docteur Nico, lakini vijana wanamwambia Franco alikuwa akirudia kipande kimoja dakika kumi nzima. Kadongo kamu, zile nyimbo za Kiganda za gitaa moja, wanaicheka, eti hiyo si gitaa, ni hadithi. Ningewaacha wabishane, ila nina mdogo wangu wa miaka 17 anayepiga gitaa kanisani. Siku hizi anatazama video za watu wanaopiga kwa kasi ya ajabu, anasema hao wazee wote ni wa polepole, na kila usiku anafanya mazoezi kwa muda wa saa nne hadi tano, ili awafikie. Mwezi mzima sasa anashika-shika kifundo cha mkono wa kushoto, na asubuhi anaamka vidole vina ganzi. Nikimuuliza ananyamaza. Naomba jibu la kumaliza ubishi, na uniambie nimfanyeje huyu mtoto.”

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara tatu. Ubishi wa kibanda utasubiri kidogo, mkono wa mdogo wako hauwezi. Mwambie leo, kabla hajalala, aliweke gitaa kando kwa wiki mbili. Mwambie kwa upole, asidhani anaadhibiwa. Ganzi ya asubuhi ni mwili unaomwomba apumzike, na anayeusikiliza mapema kwa kawaida hupona vizuri. Nitarudi hapo kwa kirefu. Lakini naamini mkono huo umeumizwa na ubishi wenu, au tuseme na jibu baya lililotoka kwenye ubishi huo, kwa hiyo lazima tuupitie wote.

Tuanze na hiyo kura ya dunia. Haijawahi kupigwa. Anachokikumbuka mwenzenu ni orodha za jarida la Marekani la Rolling Stone, lililomweka Hendrix juu kabisa mwaka 2003, 2011 na 2023. Ile ya 2003 ilikuwa uteuzi wa mwandishi mmoja wa jarida. Ya 2011 ilitokana na kura za jopo la wapiga gitaa na wajuzi wengine. Ni watu wanaoijua kazi, siwadharau. Ila jarida lenyewe lilizaliwa San Francisco mwaka 1967, katikati ya muziki wa roki, na wengi walioulizwa walikulia ndani ya roki na bluzi. Wakusanye wazee wa Matonge, Kinshasa, uwape karatasi na kalamu, utapata orodha nyingine kabisa, na hakuna atakayeweza kuwaambia wamekosea.

Kuhusu Hendrix kumtaja mtu mwingine: hadithi hiyo nimeisikia tangu nikiwa kijana. Tatizo lake ni kwamba kila anayeisimulia ana jina lake. Mmoja atakuambia alimtaja Rory Gallagher wa Ireland, mwingine Terry Kath, mwingine Phil Keaggy. Ushahidi unaobadilisha jina la shahidi kila unapotolewa hauwezi kuamua kesi. Iacheni.

Lakini kwa nini Hendrix? Hili linastahili maelezo, kwa sababu vijana wengi wanamsifu bila kujua alifanya nini. Alizaliwa Seattle tarehe 27 Novemba 1942 na alifariki London tarehe 18 Septemba 1970, akiwa na miaka 27. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1967. Hesabu mwenyewe: alichokibadilisha alikibadilisha kwa takriban miaka minne. Na alibadilisha chombo chenyewe.

Wewe ni fundi wa simu, kwa hiyo utanielewa haraka. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa kwenye waya ule, na amplifaya huukuza hadi utikise spika. Sasa spika ikiwa kali na mpigaji amesimama karibu nayo, hewa inayosukumwa na spika hurudi kuutikisa uzi uleule. Uzi huzaa umeme tena, spika hulia tena, na sauti hujilisha yenyewe bila kidole kupiga upya. Kanisani mnaijua kelele hiyo kupitia maikrofoni, na mtu wa mitambo hukimbia kupunguza sauti. Hendrix hakuwa wa kwanza kuisikia, lakini ndiye aliyeifuga ikawa sauti ya kuimbia. Alijua asimame hatua ngapi kutoka kwenye spika, ageukie upande gani, auvute uzi kiasi gani ili mlio upande au ushuke. Asubuhi ya Jumatatu, 18 Agosti 1969, kwenye tamasha la Woodstock, aliupiga wimbo wa taifa la Marekani, na katikati gitaa likaanza kulia kama mabomu yanayoanguka. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea, na yeye mwenyewe aliwahi kuwa askari wa miavuli. Kabla yake gitaa la umeme kwa watu wengi lilikuwa gitaa la kawaida lenye sauti kubwa. Baada yake, umeme wenyewe ukawa sehemu ya chombo.

Kuna jambo jingine watu hulipita. Alipiga kwa mkono wa kushoto, lakini gitaa lake, Fender Stratocaster, lilikuwa la mkono wa kulia, naye akaligeuza na kupanga nyuzi upya. Kwenye gitaa hilo, sumaku iliyo karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa, imewekwa mshazari. Likigeuzwa, sumaku inauchukua kila uzi mahali tofauti na alipokusudia mtengenezaji: nyuzi nene hung’aa zaidi, nyembamba hulainika kidogo. Sehemu ya sauti ile mnayoisifu ilitokana na kijana aliyekosa gitaa la mkono wake akalitumia lililokuwepo.

Mpaka hapo sijataja kasi hata mara moja, na nimefanya hivyo makusudi. Mdogo wako anaamini kwamba mpiga gitaa hupimwa kama mkimbiaji, anayefika kwanza ndiye bora. Basi msimulie habari za Django Reinhardt. Alizaliwa Ubelgiji mwaka 1910, mtoto wa jamii ya Waroma. Mwaka 1928 moto uliwaka ndani ya gari la nyumba alilokuwa akiishi, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, cha pete na cha mwisho, vikabaki vimekakamaa. Solo zake alizipiga kwa viwili vilivyobaki. Leo wapo wapiga jazi wenye vidole vyao vyote kamili wanaotumia miaka kujifunza alichokifanya. Msimulie pia habari za Elizabeth Cotten, mwanamke mweusi wa North Carolina, aliyeshika gitaa la mkono wa kulia kichwa chini bila kugeuza nyuzi, akapiga besi kwa vidole na wimbo kwa gumba, kinyume cha watu wote. Aliliacha gitaa kwa miongo mingi, akalirudia uzeeni, na mwaka 1985, akiwa amepita miaka 90, akapata tuzo ya Grammy.

Na msimulie habari za Mwenda Jean Bosco, ambaye sisi wa Kiswahili tungepaswa kumtaja kabla ya wote hao. Alikuwa mtu wa Katanga, aliyezaliwa mwaka 1930, na aliimba kwa Kiswahili cha kwao. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mashine ya kurekodia muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville, mji ambao sasa ni Likasi, akamrekodi akipiga “Masanga”. Mkono wake wa kulia ulitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linakwenda na besi, cha shahada kinaimba juu, na njia zao hazilingani: kimoja kinaingia pale kingine kinapopumua. Nilipoisikia mara ya kwanza niliamini nawasikia watu wawili. Vijana wengi wa Nairobi na Kampala wa miaka ya 1950 na 1960 walijifunza gitaa kwa kumsikiliza. Hana kasi ya kumtisha mtu. Ila mpe mdogo wako dakika mbili za “Masanga” azipige kama zilivyo, kwa vidole viwili, aone kama wazee ni wa polepole.

Sasa nifike kwa Franco, kwa sababu hapo ndipo vijana wa kibandani wamepotea zaidi, na ndipo penye utajiri.

Luambo Makiadi, Franco, alizaliwa Sona-Bata tarehe 6 Julai 1938. Alikulia Léopoldville, Kinshasa ya leo, mama yake akiuza maandazi sokoni, na gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa kopo. Mwaka 1953 alirekodi akiwa na miaka 15. Mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa walioanzisha OK Jazz, na aliiongoza bendi hiyo mpaka kifo chake tarehe 12 Oktoba 1989. Zaire iliomboleza siku nne. Taifa halimlilii hivyo mtu aliyekuwa akirudia kipande kimoja kwa kukosa la kufanya.

Anarudia, ni kweli. Anarudia kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya sebene. Waimbaji wamenyamaza, hadithi imekwisha, na wimbo umekabidhiwa wachezaji. Mwili unahitaji kitu cha kuegemea. Gitaa likibadilisha wazo kila baada ya sekunde mbili, miguu haina pa kukanyaga. Sikilizeni tena, mtagundua kwamba Franco harudii vilevile: anasogeza noti moja, anachelewesha nyingine kwa unywele, anaacha pengo pale mlipoitarajia, na uwanja mzima unaitikia.

Lakini siri kubwa iko kwingine, na ili kuieleza inabidi nikurudishe nyumbani, hapahapa Uganda. Umewahi kuitazama amadinda, ile marimba ya Buganda yenye mbao 12? Wapigaji hukaa wakitazamana. Wa kwanza, okunaga, anaanza na mwendo wake. Wa pili, okwawula, anaingiza noti zake katikati kabisa ya zile za mwenzake, kama meno ya zipu. Ukiwa umekaa pembeni, husikii wa kwanza wala wa pili. Sikio halijali noti imetoka mkono wa nani. Linakusanya noti zilizo karibu kwa kimo, za juu na za juu wenzake, za chini na za chini, na ghafla unasikia nyimbo ambazo hakuna mtu hata mmoja anayezipiga. Mpigaji wa tatu, okukoonera, kazi yake ni kuudaka mmoja kati ya nyimbo hizo zilizozuka, ule wa mbao mbili za chini kabisa, na kuurudia kwenye mbao mbili za juu kabisa. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria, alikuja Uganda mwaka 1959 akajifunza kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa lubiri, yaani ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na jambo hilo likamshughulisha kwa miaka mingi. Nyinyi wa West Nile mnalo lenu pia: keti karibu na kundi la adungu, vile vinubi vyenu, kubwa kwa dogo, utasikia nyuzi zikipokezana hivyo hivyo.

Sasa weka sikio hilo kwenye rumba ya Kongo. Gitaa la ridhimu linasokota chini, mi-solo inasokota katikati, solo inaimba juu, na zinapishana kama wale wapiga amadinda. Unachokisikia kama gitaa moja linalobubujika, mara nyingi ni mawili. Docteur Nico, Nicolas Kasanda, alipiga solo katika bendi ya African Jazz huku kaka yake, Dechaud, akiwa kwenye ridhimu. Franco alikuwa na Simaro Lutumba pembeni yake. Basi mnapobishana kwamba Nico alikuwa hivi na Franco alikuwa vile, baadhi ya noti mnazompa Nico ni za Dechaud, na nyingine hazikupigwa na yeyote. Zimezaliwa sikioni mwenu. Mtu anayemtafuta mpiga gitaa mmoja bora ndani ya muziki ule anafanana na anayeuliza ni jiwe lipi kati ya mafiga matatu linaloshika chungu.

Niongeze jambo la kifundi. Mnabishana mkisikilizia spika ya simu, sivyo? Uzi mnene kuliko yote wa gitaa, ukitekenywa wazi, unatikisika takriban mara 82 kwa sekunde, na ule wa gitaa la besi mara 41. Kispika cha simu, kwa udogo wake, hakiwezi kuusukuma mtikisiko wa polepole hivyo, kinaupoteza. Kinachobaki ni noti za juu, yaani mpiga solo, na kadiri anavyopiga juu na haraka ndivyo anavyosikika mkubwa. Simu inampendelea yule yule anayempendeza mdogo wako, na inamwibia Franco nusu ya bendi yake. Unganisheni spika nzuri kabla ya kutoa hukumu.

Kadongo kamu nayo mnaikosea heshima. Jina lenyewe linasema ni kagitaa kamoja tu, na ugumu wake uko hapo hapo. Mtu mmoja anabeba besi, mwendo na hadithi, na hadithi yenyewe ni ya Luganda, lugha ambayo neno likipandishwa au likishushwa sauti linaweza kugeuka maana, kwa hiyo wimbo hauwezi kwenda utakapo, unafuata kinywa. Gitaa linatembea na msemaji kama mtu anayemsindikiza mzee: likitangulia limemvunjia heshima, likibaki nyuma limemwacha. Sikilizeni jinsi Paulo Kafeero, aliyefariki 2007, alivyoweza kuwashika watu kwa wimbo mrefu kama mazungumzo ya jioni nzima, na gitaa halichoki wala halijitutumui. Bernard Kabanda naye alikuwa akiligonga gitaa lake mpaka likawa ngoma. Mpe mmoja wa wapigaji wale wa kasi kazi hiyo ya kusindikiza maneno dakika kumi bila kumkatisha msemaji, uone.

Umeniomba jibu, sitakukwepa. Kama mnauliza nani aliyebadilisha gitaa la umeme kuliko wote, ni Hendrix, na sioni wa kumkaribia. Kama mnauliza nani aliyewachezesha watu wengi zaidi barani kwetu kwa miaka mingi zaidi, ni Franco. Kama mnauliza mikono ya nani mimi ningeitaka, kura yangu ni kwa Docteur Nico, na nimekuwa na kura hiyo tangu ujana wangu wa kupiga dansi. Januari 1960, viongozi wa Kongo walipokuwa Brussels wakijadili uhuru wao kwenye Meza ya Duara, African Jazz ya Joseph Kabasele ilikuwa huko, na kutoka safari hiyo ikazaliwa “Indépendance Cha Cha”. Nico alikuwa na miaka 20. Sikiliza kila noti yake ilivyo safi, imekatwa vizuri, haijamkanyaga mwenzake. Ana uwezo wa kujaza nafasi yote, naye anaiacha wazi ili Dechaud apite. Sijawahi kumfundisha mwanafunzi anayeweza hilo kabla ya kukomaa, na wengine hawalipati kamwe. Alifariki Brussels tarehe 22 Septemba 1985, akiwa na miaka 46, na bado ninapomsikiliza huumia kwamba hakupewa uzee.

Mzee wa kibandani kwenu ana hoja nzito, kwa hiyo. Ila asiwakatalie vijana Hendrix wao. Anachopaswa kufanya ni kuwafundisha kusikiliza.

Turudi kwenye mkono.

Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba. Ndani yake zinapita kano tisa zinazokunja vidole, na pamoja nazo mshipa mmoja wa fahamu unaokwenda kwenye gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Mtu akipiga kwa muda wa saa tano kila usiku, kifundo kimekunjwa kuzunguka shingo ya gitaa na gumba limebana nyuma kwa nguvu, kano huvimba kidogo, njia inajaa, mshipa unabanwa. Usiku mtu hulala mkono ukiwa umekunjwa, unabanwa zaidi, asubuhi ganzi. Muulize ganzi iko vidole gani. Ikiwa ni gumba hadi cha kati, huenda ni hapo kifundoni. Ikiwa ni cha mwisho na cha pete, mshipa mwingine umehusika, ambao mara nyingi hubanwa kwenye kiwiko. Mueleze daktari hivyo hivyo, itamsaidia.

Mpeleke aonekane, na usingoje, kwa sababu mwezi mzima ni muda mrefu. Nenda hospitali ya rufaa hapo Arua, uulizie kitengo cha fiziotherapia. Mimi ni mwalimu wa gitaa na fundi wa kulitengeneza, si daktari, na hakuna anayeweza kuupima mkono kupitia barua. Ukiona anaangusha vitu, au nyama ya chini ya gumba imeanza kunywea, au ganzi haiondoki mchana, nenda siku hiyo hiyo. Kuna dalili nyingine ambayo haiumi, na kwa sababu haiumi watu huipuuza: kidole kujikunja chenyewe au kugoma kila anapopiga kipande fulani, ilhali kwenye kazi nyingine kiko sawa. Hiyo haitibiwi kwa kuongeza mazoezi, mazoezi huizidisha. Na asinywe dawa za maumivu ili aendelee kupiga. Nilifanya hivyo nikiwa na miaka 23, kwenye bendi moja iliyokuwa na maonyesho kila wikendi, nikakaa karibu mwaka mzima bila kushika gitaa.

Akiwa anapumzika, likague gitaa lenyewe. Magitaa mengi ya bei nafuu yanayouzwa kwetu yana nyuzi zilizoinuka mno, na mtoto anadhani udhaifu ni wa vidole vyake. Chukua kadi tatu za benki, zishikanishe pamoja. Unene wake ni kama milimita 2.3. Ziingize chini ya uzi mnene, juu ya kile chuma cha 12 cha shingoni. Zikienea bila nafasi kubwa kubaki, gitaa liko sawa. Zikiingia tano bila kugusa uzi, lipeleke kwa fundi ashushe nyuzi. Kazi hiyo si kubwa. Mnunulie pia nyuzi nyembamba kidogo, za namba 10 badala ya 12. Siku atakayoruhusiwa kurudi, ashushe nyuzi zote nusu sauti. Mkono utahisi tofauti papo hapo.

Arudi kwa vipande vya dakika 15, apumzike dakika tano, asizidi saa moja kwa siku mwezi wa kwanza. Gumba liguse nyuma ya shingo bila kubana: mwambie aliondoe kabisa kwa sekunde moja huku anapiga, sauti ikiendelea, alikuwa anabana bure. Zaidi ya hapo anahitaji mtu wa kumkalia mbele na kumtazama. Mwalimu wa bendi ya kanisani anatosha kuanzia. Na akipata mzee wa adungu wa kumfundisha jinsi mkono mmoja unavyomsubiri mwingine, atapata kitu ambacho video hazina, kwa sababu video inamwonyesha mkono mmoja uliokatwa kutoka kwenye bendi, na haimwonyeshi mara ngapi kipande kile kilirekodiwa kabla hakijakubalika.

Video usimpokonye. Wale wapigaji wa kasi wengi ni wastadi wa kweli, na kasi ni chombo kizuri mtu akiwa na kazi nayo. Kaa naye jioni moja, wewe kaka yake, muwekee “Indépendance Cha Cha” kwenye spika nzuri. Usimuulize Nico anapiga nini. Mwambie amtafute Dechaud, amwimbie kwa mdomo mwanzo hadi mwisho, bila gitaa. Itamchukua siku kadhaa, na mkono utakuwa unapumzika wakati wote huo. Akishampata, mlete kibandani, amwimbe Dechaud mbele ya yule mzee aliyeishi Kongo.